Laptopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo mwaka 2022, na bado inadunda

Mwaka 2019 nilinunua laptopu mpya ya boksi, na nailoni yake na harufu yake. Ilikuwa nyembamba kama daftari, rangi ya fedha, unaibeba kwa vidole viwili. Nililipa milioni moja na laki moja na nusu. Jina la kampuni naliacha, maana za namna ile ziko nyingi madukani na ubaya wake hauko kwenye jina.

Kabla mwaka wa pili haujaisha, diski yake ya GB 64 ilijaa masasisho ya Windows. Vitu vyangu mwenyewe mle ndani vilikuwa picha za harusi ya mdogo wangu na faili tatu za Excel. Ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa GB 4. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu Tabata, nikidhani ataongeza ramu na diski nirudi nyumbani. Akaifungua, akaniita nisogee.

"Mama, njoo uone mwenyewe."

Ramu imechomelewa kwenye bodi. Diski nayo imechomelewa. Hapakuwa na tundu hata moja la kuchomekea kitu. Akaifunga bila kunidai hela. Miezi michache baadaye bawaba ya kushoto iling'oka na kipande cha plastiki, halafu betri ikavimba mpaka tachipadi ikanyanyuka kama andazi. Ikawa basi.

Safari ya pili sikuanza dukani, nilianza kwa huyohuyo fundi. Nikamwuliza, "Wewe ukiletewa laptopu, ipi unaifungua kwa raha?" Akacheka, akasema ni zile za maofisini: ThinkPad za Lenovo za mfululizo wa T, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Makampuni ya Ulaya na Marekani hununua mashine hizi kwa mamia, yanazitumia miaka mitatu minne, kisha yanaziuza kwa jumla. Zinapita Dubai na kwingineko mpaka zinafika kwetu. Na kwa kuwa ziliundwa zikijulikana kwamba mafundi wa ofisi watazifungua na kuzifunga, zinafunguka. Vipuri navyo vimejaa kwa sababu mashine zenyewe ni nyingi.

Kwa matumizi yangu hiyo ilitosha. Mimi si mchora ramani wala mhariri wa video. Ni mweka hazina wa kikoba, naandika barua, natunza picha, mtoto anasomea, jioni tunaangalia tamthilia. Nilikuwa nataka mashine ya kukaa nayo, sio ya kuringia.

Agosti 2022 nikaenda Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Duka la kwanza, kijana akanitolea mashine yenye kibandiko cha i7 kimeng'aa kama kimebandikwa asubuhi ile. "Dada, hii i7, huwezi kulinganisha na i5." Bei laki tano na nusu. Hapa ndipo wengi tunapigwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. i5 na i7 ni madaraja ya prosesa za Intel, yaani ubongo wa mashine. Ila hiyo i5 au i7 peke yake haikuambii umri wa mashine. Angalia namba inayofuata. Ile ya kijana ilikuwa i7-2620M: tarakimu ya kwanza ni 2, yaani kizazi cha pili, prosesa ya mwaka 2011 yenye viini viwili tu. Niliyokuja kununua ni i5-8350U, kizazi cha nane, viini vinne. Hiyo "i5" inaiacha mbali ile "i7". Namba hiyo usiitafute kwenye kibandiko. Bonyeza kulia kwenye "This PC", chagua "Properties", utaiona imeandikwa.

Na hiyo tarakimu 8 ina kazi nyingine. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha mashine chache sana za kizazi cha saba. Oktoba 14, 2025 Microsoft walipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, mimi nilikuwa nimeshahamia 11 bila kulipa hata senti. Jirani yangu alinunua ThinkPad T470 mwaka uleule, mashine nzuri na imara, ila prosesa yake ni ya kizazi cha saba na haimo kwenye orodha. Fundi amemwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Anaendelea nayo, ila alilalamika wiki mbili nzima kwamba Excel yake imebadilika sura.

Basi nikachukua Lenovo ThinkPad T480, toleo la mwaka 2018, kwa shilingi 680,000. Ramu GB 8, diski ya SSD ya GB 256. Kabla ya kutoa hela nilikaa kwenye kiti cha dukani karibu saa nzima, muuzaji akaanza kuniita "mama mkaguzi". Niliiwasha nikabonyeza F1 ili iingie kwenye mipangilio ya ndani. Ikidai nywila pale, rudisha palepale, maana ni kufuli la ofisi iliyotoka na kulifungua ni shughuli. Kioo nikakiangalia kwa ubavu, kwa sababu T480 zilitoka na vioo vya aina zaidi ya moja, na zikiwa zimezimwa huwezi kuzitofautisha. Kile cha nukta 1366 kwa 768 ukikitazama kwa pembeni rangi zinageuka, nyuso za watu zinakuwa kama negativu za picha. Kinachofaa ni cha 1920 kwa 1080. Nilirudisha mbili kwa sababu hiyo.

Halafu betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti. Ndani yake tafuta mistari miwili: uwezo betri iliotoka nao kiwandani, na uwezo inaofikia sasa ikijaa. Muuzaji anaweza kukwambia betri inakaa saa sita, saa nane, hata siku nzima. Ile ripoti haijui kubembeleza. Niliyochukua betri yake ya ndani ilikuwa na saa-wati 19 kati ya 24 (saa-wati ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Nikaona sawa kwa mtumba.

T480 ina betri mbili, na hilo ndilo lililonifanya niipende. Moja iko ndani, nyingine inachomekwa kwa nyuma na unaitoa kwa vidole, bila bisibisi. Ile ya nyuma ikiisha unaichomoa mashine ikiwa inawaka, unaweka nyingine, kazi haikatiki kwa sababu ile ya ndani inaishikilia. Mfululizo wa T uliofuata, T490, ukaiondoa betri ya nyuma. Mwezi wa tatu nikanunua ya nyuma kubwa, ya saa-wati 72. Inatokeza chini kama kisigino cha kiatu, inainua kibodi kidogo, na mimi nimeipenda hivyo. Ilipokuwa mpya, kwa kuandika tu, niliianza asubuhi na usiku bado ina chaji. Umeme ukikatika Jumamosi wakati wa kikao chetu barazani, naendelea kusoma mahesabu, wenzangu wanawasha tochi za simu. Na nimeiweka isichaji zaidi ya asilimia 80 ikiwa imechomekwa ukutani. Mpangilio huo upo kwenye programu ya Lenovo Vantage. Betri hizi haziozi kwa kutumika tu, joto na kukaa zimejaa muda wote navyo vinazimaliza.

Kibodi ina kisa chake. Mashine yangu ilitoka Ujerumani, na kibodi ya Kijerumani imebadilishana Z na Y, tena ina Ö na Ä pembeni ya L. Muuzaji alikuwa amebandika vibandiko vya herufi za Kiingereza juu yake. Sikujali. Mwaka mmoja baadaye, vibandiko vya Z na Y vikabanduka ndani ya wiki moja, na mimi ni wa kuangalia herufi ninapoandika. Taarifa ya kikoba ikatoka: "hisa yote", "mikopo zote". Katibu wetu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Alisimama mbele ya wanachama thelathini akaniuliza, "Mweka hazina, ngeli zimekukosea nini?" Na kompyuta haiwezi kukushtua, maana zote ni maneno halali. Fundi akaniwekea kibodi ya Kiingereza kwa shilingi 45,000. Nilisubiri palepale, soda ilikuwa haijaisha.

Ndivyo ilivyo kwa karibu kila kitu cha mashine hii. Mfuniko wa chini una skurubu sita ambazo hata ukizilegeza hazidondoki, zinabaki kwenye mfuniko. Ndani kuna matundu mawili ya ramu. Moja langu lilikuwa tupu, nikaongeza GB 8 kwa 70,000. Kila mwaka naipeleka ipulizwe vumbi la feni. Tabata barabara ya kwetu ni ya vumbi, na mara ya kwanza alipoifungua lilitoka donge kama sufu ya mto. Lenovo wameweka mtandaoni, bure, kitabu cha kuonyesha jinsi ya kung'oa kila kipande, na fundi wangu anacho kwenye simu. Chaja inaingia kwa USB-C ya wati 65, kwa hiyo ile ya kwanza ilipoungua (muuzaji alinipa feki, nilijua baadaye) sikuhangaika kutafuta ya jina maalumu.

Sasa upande wa pili. Ni nzito. Ukiweka na hiyo betri kubwa inakaribia kilo mbili, na begani mwa mtu anayepanda daladala mbili inaonekana. Mwanga wa kioo cha kawaida ni niti 250, hicho ni kioo cha ndani ya nyumba. Ukikaa nayo nje chini ya mwembe saa sita mchana utajiona mwenyewe kama kwenye kioo cha saluni. Kamera yake ni ya enzi zake, 720p, hivyo kwenye mikutano ya video natumia simu. Sura haina mvuto: nyeusi tii, ina kichuguu chekundu cha kusogezea kishale katikati ya kibodi, ambacho mwanangu alidhani ni cha kuzimia. Mtu wa kuhariri video au wa michezo mizito asiiguse. Na mtu asiye na fundi wa kuaminika karibu naye pia namshauri afikirie mara mbili, kwa sababu mtumba hauna warranti ya maana. Mimi dukani nilipewa wiki mbili, kwa mdomo.

Nikipiga hesabu: 680,000 ya kununulia, ramu 70,000, kibodi 45,000, betri kubwa 110,000, chaja 40,000, na kupulizwa vumbi elfu kumi kumi mara tatu. Inafika 975,000 kwa zaidi ya miaka mitatu, bado chini ya ile ya boksi iliyolala juu ya kabati.

Kilichobaki ni betri ya nyuma. Ripoti ya wiki iliyopita imenionyesha 44 kati ya 72. Mjini kuna za 45,000 na kuna za laki na ishirini, ukizishika mkononi ni mapacha. Jumamosi naenda na laptopu yenyewe, naichomeka palepale dukani, naendesha ripoti, ndipo tuongee bei.