Mapumziko ya milimani: Lushoto, Marangu, Tukuyu, Amani au Morogoro?

Mtu wa Dar mwenye likizo ya siku nne na hamu ya baridi huulizia kwanza bei ya chumba. Sawa, bei ina uzito wake, ila safari za milimani haziharibiwi na chumba. Zinaharibiwa na barabara, mvua, na kelele za pale ulipofikia. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja: ukishatoa saa za kwenye basi, unabaki na utulivu kiasi gani? Anayeanzia Mbeya au Moshi ataipindua, na ana haki.

1. Lushoto

Basi la moja kwa moja linaondoka asubuhi Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na alasiri umeshafika. Likikupita, panda lolote la Moshi au Arusha, shuka Mombo. Hapo hukosi Noah au kosta ya kupandisha. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za lami iliyojikunja kufuata ukuta wa mlima. Mwenye kichefuchefu awahi siti ya mbele. Katikati ya njia kuna Soni na maporomoko yake, na kuanzia hapo madirisha ya gari huanza kufungwa moja moja.

Mji uko kwenye mita kama 1,400, na Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pesa za wengi zinapopotea: mji wenyewe umekaa bondeni. Ile picha ya mtu amesimama kwenye mwamba, chini yake tambarare haina mwisho, haikupigwa mjini. Ni Irente, kilomita kama sita kutoka stendi. Ukilipia chumba mjini ukitegemea kufungua pazia uone bonde la Mazinde, utaona ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa.

Una sehemu nne za kuchagua. Mjini ni rahisi, gesti ni nyingi na soko liko karibu, lakini mabasi ya alfajiri yanapiga honi utadhani yanaita wafu. Irente ndiko kwenye mandhari, na jua likizama unakuwa juu yake. Magamba ni msituni, baridi kali zaidi, pazuri kwa anayependa kutembea kwenye miti mikubwa iliyohifadhiwa. Mambo na Mtae ziko ukingoni kabisa mwa Usambara, mbali sana na mjini. Usiende huko kwa siku mbili, utaishia kuhesabu kona. Mimi ningechukua Irente usiku wote, mjini nikashuka kwa bodaboda kula na kununua vitu.

Chakula cha mchana kwenye shamba la Irente kinastahili safari yake. Wanakuwekea mkate mweusi waliooka wenyewe, jibini yao, jemu, mboga mbichi na juisi, unakula nje kwenye majani. Watu waliozoea wali na maharage huangalia ile sahani kwa mashaka, kisha wanaondoka na chupa za jemu kwenye begi. Sokoni, kuanzia mwishoni mwa mwaka, tafuta mapeasi na plamsi. Bei yake ukiilinganisha na ya Kariakoo utacheka.

Juni hadi Agosti usiku ni baridi ya kweli. Piga simu uulize mambo mawili: blanketi ni ngapi kwa kitanda, na maji ya moto yanatoka bombani au yanaletwa kwa ndoo. Ndoo si tatizo, tatizo ni kuijua saa kumi na mbili asubuhi.

2. Marangu

Kwa anayeishi Moshi au Arusha hii ndiyo namba moja, sibishani. Kutoka Moshi ni kama kilomita 40 kupitia Himo, na gari hazikatiki. Kwa anayetoka Dar, siku nzima ya kwenda na siku nzima ya kurudi zinaipunguzia alama.

Unachonunua Marangu ni kijani kilichopangwa na watu. Vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vina migomba juu, kahawa chini yake, na mifongo, yaani mifereji ya maji, inayopita kati ya nyumba na nyumba tangu enzi za mababu. Unaweza kutembea asubuhi nzima bila kutoka kivulini. Maporomoko yako kadhaa, Kinukamori, Ndoro na Kilasiya. Kila moja lina kiingilio chake, na ukishaona mawili la tatu unaweza kuliacha bila majuto. Kilasiya ndilo ningelibakiza. Mtori hapa ni wa kwao, usiondoke bila kuula.

Mlima Kilimanjaro wenyewe una mzaha. Kilele cha Kibo huonekana alfajiri na jioni, mchana kutwa kinajifunika mawingu. Hoteli ikikuahidi kwamba mlima unaonekana, uliza ni kutoka kwenye chumba gani. Ukitaka kupanda kwa siku moja hadi kibanda cha Mandara na kurudi, utalipia getini kwa Hifadhi ya Kilimanjaro, na mwongozaji juu yake. Beba kitambulisho cha NIDA, kwa sababu kiingilio cha raia na cha mgeni vimeachana mbali.

Tarehe za kuepuka ni moja tu: nusu ya pili ya Desemba. Wachaga wanarudi kwao kula Krismasi, nauli na siti za mabasi zinakuwa vita, na kila kona kuna sherehe. Ni raha ya aina yake, ila utulivu usiutafute.

3. Tukuyu

Kwa uzuri peke yake ningeiweka juu ya zote. Chai imelala kwenye vilima pande zote, migomba imejaa, na Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960 umesimama nyuma. Kuna Ziwa Ngozi, lililokaa ndani ya kasoko ya volkano: unapanda msituni kwa miguu, njia ina utelezi, halafu ghafla miti inaachana na maji ya kijani yako chini yako kabisa. Kuna Daraja la Mungu, mwamba uliovuka Mto Kiwira bila mkono wa fundi, na Kijungu, ambapo mto huohuo unajikusanya kwenye shimo. Pale uko jirani na Chuo cha Magereza, kwa hiyo uliza kabla ya kuelekeza simu yako popote.

Tatizo ni mawili. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, halafu kama 70 nyingine kushuka Tukuyu. Bila ndege hadi Songwe, uwanja wa Mbeya, siku nne hazitoshi. Pili ni mvua: eneo hili linapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ni adhabu. Agosti hadi Oktoba ndio wakati wa kwenda, na hata hapo koti la mvua lisikae chini ya begi. Malazi ni ya kawaida, safi na nafuu. Ukitafuta bwawa la kuogelea na buffet umepotea njia. Watu wake ni wakarimu, na ukijifunza kusema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, utaongezewa ndizi.

Mwenye wiki nzima aunganishe na Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

4. Amani

Huu si mji, tuseme ukweli. Ni msitu wa hifadhi Usambara Mashariki, unapandia Muheza, na ndani yake kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kimya chake hakina mpinzani kwenye orodha hii. Vinyonga, vipepeo, ndege, miti yenye vibao vya majina. Lakini maduka ni machache, barabara ni ya vumbi, na masika inageuka tope la kunasa gari dogo. Nunua Amani kama mnaenda wawili mnaopenda kusoma na kutembea. Watoto wa mjini watakuuliza intaneti iko wapi kabla ya chai ya jioni.

5. Morogoro

Ipo hapa kwa sababu ya treni. SGR ilipoanza Juni 2024, daraja la kawaida Dar hadi Morogoro lilikuwa shilingi 13,000, na safari haifiki saa mbili. Mji wenyewe uko chini na una joto na bodaboda za kutosha. Milima ya Uluguru unaitazama tu. Utulivu uko juu, Morningside, kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, na unapanda kwa saa kadhaa kwa miguu. Kwa mwenye Jumamosi na Jumapili tu, hakuna ubishi, chukua hii, lala Bigwa au karibu na miguu ya mlima badala ya katikati ya mji.

Wasomaji wa Mombasa wasihangaike na mpaka. Waende Voi kwa treni, wapite Mwatate, wapande Wundanyi kwenye vilima vya Taita. Kuna baridi, msitu wa Ngangao, na kilele cha Vuria chenye mita 2,208, na watalii ni wachache mno.

Popote utakapochagua, lipa usiku mmoja tu mapema. Ukifika, tembea, sikiliza kama kuna baa jirani, angalia dirisha linatazama wapi, halafu ndipo ulipie usiku unaobaki. Wiki za katikati ya muhula wa shule, bei ya pili kwa kawaida huwa chini ya ile ya kwenye simu.