Baiskeli ya Kike kwa Safari za Kila Siku: Ipi Ununue, Ipi Uipite

Sokoni inaitwa baiskeli ya kike kwa sababu haina lile bomba la juu linalotoka kwenye kiti hadi kwenye usukani. Jina lisikuzuie. Mzee mwenye goti bovu, mvaa kanzu, mvaa baibui, na yeyote anayesimama kila kona kununua nyanya hupanda na kushuka bila kurusha mguu juu ya keria. Kasoro yake ni moja: bomba likiondolewa, fremu hujipinda kwa urahisi mzigo ukizidi nyuma. Gunia la mkaa si la baiskeli hii.

Kabla ya kutazama rangi, soma namba ubavuni mwa tairi. Za Kijapani za inchi 26 huandikwa 26 x 1 3/8, na pembeni 37-590. Hiyo 590 ni kipenyo cha rimu kwa milimita, pale tairi linapokaa. Baiskeli ya gia nyingi yenye tairi nene la 26 x 1.95 ina 559. Zote zinaitwa inchi 26, ila tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Mtego mbaya zaidi ni ya Kijapani ya inchi 27, yenye 609, kipimo ambacho nje ya Japani ni adimu. Inang'aa, bei nzuri, na siku tairi linapoisha utazunguka mji mzima. Ulizia tairi dukani kwanza, ndipo ununue baiskeli.

Ya kwanza: mtumba wa Japani, inchi 26, gia tatu ndani ya habu (kitovu cha gurudumu)

Hii ndiyo ya kutafuta. Meno yakiwa 32 mbele na 14 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali kwenye gia ya pili hukusogeza karibu mita 4.8, gia ya kwanza mita 3.5, ya tatu mita 6.5. Kwa Tanga mjini gia ya pili inatosha siku nzima. Kwa Arusha au Mwanza utashukuru kuwa na ya kwanza. Gia zimefichwa ndani ya habu, hivyo mchanga hauzifikii na unaweza kubadilisha hata ukiwa umesimama.

Ijaribu kwa mguu, tena kwenye kilima. Ikiruka unapokanyaga kwa nguvu, usikimbilie kusema habu imekufa. Kwenye habu ya Shimano Nexus ya gia tatu, weka gia ya pili, kisha tazama kidirisha kidogo upande wa kulia wa ekseli ya nyuma: mstari wa njano unatakiwa ukae katikati ya alama mbili. Ukiwa pembeni, zungusha kirekebishi cha waya mpaka urudi. Ikiendelea kuruka baada ya hapo, muachie muuzaji baiskeli yake.

Breki ya nyuma mara nyingi ni ya mkanda unaobana ngoma kwa nje. Ikipiga kelele, wapo watakaoidondoshea oili. Kelele itaisha, na breki itaisha pamoja nayo. Mkanda uliolowa oili hubadilishwa. Nyingine ni breki ya rola, ambayo hutiwa grisi yake maalumu kupitia kitundu chenye kizibo. Hizi mbili zisichanganywe.

Keria isome pia: nyingi zimegongwa 18, 25 au 27, yaani kilo. Kiti cha mtoto kinahitaji ya 27.

Ya pili: hiyo hiyo, bila gia

Kwa mji wa tambarare haina upungufu wowote, na ina kitu kimoja pungufu cha kuharibika.

Ya tatu: mpya ya India au China yenye breki za fito (zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya)

Ukiishi mbali na mji, ipandishe iwe ya kwanza. Fundi wa chini ya mwembe anazo spoki zake, kotapini zake (pini za kubana kranki, ule mkono wa pedali) na gololi zake. Lakini ni nzito: kwa meno 44 na 18 na tairi la 28 x 1 1/2, mzunguko mmoja ni kama mita 5.5 na hakuna gia ya kukuokoa mlimani. Breki za fito husugua rimu ya chuma, na mvua ikinyesha hushika kwa kuchelewa, hivyo anza kubana mapema. Ukisikia "tak" kila mzunguko wa pedali, kotapini imelegea. Badilisha pini. Kuigonga nyundo kila wiki huharibu kranki yenyewe.

Ya nne: mtumba wa Uholanzi

Imara, unakaa wima kama kwenye kiti cha sebuleni, ila kwa mtu mfupi mara nyingi ni ndefu mno. Nyingi hufunga breki kwa kurudisha pedali nyuma. Mnyororo ukikatika, breki hiyo haipo, basi hakikisha ya mbele inafanya kazi. Tairi lake la inchi 28 kwa kawaida ni 622, wakati lile la breki za fito ni 635. Usikubali kulazimishiwa.

Mpya za bei ya chini zenye springi mbele na katikati tumeziweka mkiani. Springi huongeza uzito, hulegea, na hakuna cha kuikaza.

Ukishachagua aina, kagua hii moja iliyo mbele yako. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu karibu na kranki na chini ya kiti. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ni dalili ya ufa. Shika kranki uitikise kushoto na kulia: isicheze. Zungusha magurudumu ukitazama rimu dhidi ya breki. Kufuli ya duara ya nyuma isiyo na ufunguo ing'olewe, isije ikajifunga njiani. Kwa baibui, gauni refu au kanga, dai kava ya mnyororo na wavu wa pembeni mwa gurudumu la nyuma. Kava ikiwa imefunika mnyororo wote, pancha ya nyuma huzibwa bila kutoa gurudumu: legeza tairi upande mmoja, vuta tyubu nje.

Tairi likipungua upepo polepole na tundu halionekani, fungua valvu. Kijimpira chake hukauka kwa joto. Nunua vitano siku hiyo hiyo unaponunua baiskeli.