Canon EF-S 35mm Macro: lenzi yenye taa zake, msimu mzima ndani ya mahindi

Mimi ni bibi shamba, Kilosa, na kitu ninachokipiga picha kuliko vyote ni kichwa cha kiwavi. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, wengi tuliwachanganya na viwavijeshi wa siku zote, hata na bungua, yule anayetoboa mabua, na dawa zikapigwa bila kujua anayepigwa ni nani. Kumbe alama za huyu mvamizi ziko wazi: kichwani ana Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Ila uwe na picha inayozionyesha. Za simu yangu zilikuwa ukungu mtupu, na mtafiti niliyemtumia alinijibu kwamba kwa picha zile hawezi kusema lolote.

Ndipo nikatafuta lenzi hii ya macro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana. Niliipata iliyotumika, laki nne na nusu, nikaifunga kwenye kamera yangu, Canon 200D. Ina gramu 190 tu, kwa hiyo inakaa mfukoni pamoja na daftari, na inafika 1:1, yaani mdudu anatua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, maana yake mdudu wa milimita 22 anajaza picha kutoka ukingo hadi ukingo.

Lakini kilichonifanya niipende ni taa. Mbele kabisa, kuzunguka kioo, kuna taa mbili ndogo za LED, kulia na kushoto, zinazokula betri ya kamera yenyewe. Kiwavi huyu mchana hujificha ndani ya moyo wa mmea, majani machanga yanapojiviringisha kama bomba, na kuziba mlango kwa kinyesi kinachofanana na vumbi la mbao. Humo ni giza hata saa sita mchana. Nafungua jani kwa kidole, nabonyeza kitufe cha taa, naingiza lenzi. Nikitaka ile Y isimame vizuri nawasha upande mmoja tu. Kivuli chembamba kinaingia kwenye mfereji wa kichwa na mistari inajichora. Mzee mmoja niliyemwonyesha picha kwenye kioo cha kamera aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, miaka yote hii nampiga dawa, sijawahi kumwona uso." Tangu siku ile ananipigia simu kabla ya kununua dawa, na mimi naona hapo lenzi ilisharudisha hela yake.

Sasa matatizo yake. Ukifika 1:1, kati ya kioo na mdudu zinabaki sentimita tatu hivi. Kiwavi aliyejichimbia hajali, lakini panzi ataruka na kipepeo hutamwona kabisa. Anayefuata vipepeo na kereng'ende atafute macro ya milimita 100, asipoteze hela hapa. Fokasi ya yenyewe kwa ukaribu huo inahangaika mbele na nyuma. Mimi naizima, nashika pumzi na kusogea mwenyewe taratibu. Na ujue pete ya fokasi haifanyi kazi kamera ikiwa imezimwa au imelala.

Upepo ni adui mwingine. Kizuia mtikisiko cha lenzi kinatuliza mkono wangu, jani hakilitulizi. Nabeba kibanio cha nguo na kijiti, nachomeka kijiti ardhini na kulibana jani hapo. Naweka f/11, yaani nabana tundu la lenzi ili sehemu kali iongezeke, na bado sehemu iliyo kali haifiki milimita moja. Kwa hiyo napiga picha kumi, nachagua moja.

Mwenye kamera ya fremu nzima, yaani yenye sensa kubwa, asiinunue, haimfai. Ni ya kamera za Canon zenye sensa ndogo.

Wiki iliyopita nilipata mayai ya viwavijeshi vamizi chini ya jani, zaidi ya mia kwenye rundo moja, yamefunikwa manyoya kama ukungu wa mkate. Picha ile nimeichapisha na kuibandika kwenye mlango wa ghala la kijiji.