Simuleta ya ndege za kivita Nyegezi: MiG poa, F-16 balaa, ile "stelthi" ni rangi tu

Wakuu za wikiendi. Kuna senta moja ya gemu huku Nyegezi, Mwanza, jina nalihifadhi na sababu mtaiona mbele, wamefunga simuleta mbili za ndege za kivita, kiti, joistiki, throto (mkono wa kuongeza nguvu ya injini), pedali za miguuni na skrini tatu zinakuzunguka. Nilienda Jumamosi na mshkaji wangu, tukakaa masaa mawili na nusu, hela imeteketea ila siyo yote bure.

Bei kwanza maana ndo mnachotafuta. MiG-21, ile ya zamani ya Mrusi, nusu saa elfu 6, F-16 ya Mmarekani nusu saa elfu 8, halafu mlangoni wamebandika bango maandishi makubwa MIG STELTHI HAIONEKANI KWA RADA, hiyo elfu 12. Mimi hilo bango ndo lililonivuta mpaka nikapanda daladala.

Programu yao ni DCS, gemu la kompyuta la kurusha ndege za kivita, na wanaoijua wanajua ile haina utani, kuwasha MiG tu unabonyeza swichi mpaka unasahau umekuja kufanya nini. Dogo wa pale kanisaidia vizuri sana, ana subira kuliko mwalimu wangu wa udereva. Kokipiti ya MiG yote rangi ya kijani cha bluu, imejaa mita za mishale kama dashibodi ya Scania ya zamani, kila mshale una lake la kukuambia na wewe macho ni mawili. Rada yake ni kaskrini kadogo ka kuchungulia, ukishuka chini kanajaa uchafu wa ardhi huoni kitu, ramani hakuna, njia unaitafuta kwa dira ya redio na saa ya mkononi. Kutua ndo usiseme, inataka ije na spidi kama kilomita 300 kwa saa, mara ya kwanza nililima uwanja, mara ya pili nililima uwanja na uzio wake.

Nikahamia F-16. Aisee. Kioo cha mbele kinakuandikia spidi na urefu hapo hapo unapoangalia nje, chini skrini mbili, kofia inalenga kombora kule unakogeuza shingo, na kuna datalinki inakuonyesha wenzako wako wapi hata kama wewe mwenyewe hujawaona. Sikuwa rubani mzuri zaidi ya nusu saa iliyopita, kichwa tu ndo kimepata nafasi ya kufikiria vita badala ya kuhesabu mishale. Hapo ndo nilielewa kwa nini nchi zinachukua ndege kuukuu zinazibadilisha ubongo badala ya kuzitupa.

Na zimefanya kweli. India walichukua MiG-21 zao zaidi ya 100 wakazifanya Bison, rada mpya ya Kirusi inaitwa Kopyo, kioo cha mbele, kofia ya kulengea, makombora ya R-73 na R-77, zikapiga kazi mpaka Septemba 2025 ndo wakaziaga. Romania nao walitengeneza LanceR, kampuni yao ya Aerostar pamoja na Elbit ya Israel, zikapaki 2023. Ila kuna ukuta huwezi kuuvuka. MiG-21 inavuta hewa kwa puani, na rada inakaa ndani ya ile koni katikati ya pua, kwa hiyo hata ununue rada ya bei gani, antena haitazidi ukubwa wa koni. Halafu umeme, halafu kupooza, vyombo vipya vinakula umeme na vinatoa joto, na mwili wenyewe una masaa yake ya kuruka, chuma kinachoka. Mjomba wangu pale mwaloni Kirumba alifunga GPS na mashine ya kuonea samaki kwenye boti lake, mashine inaona samaki fresh kabisa na boti linaingiza maji vile vile.

Hii ya datalinki kumwona mwenzako ilinigusa kidogo kwa sababu za huku kwetu. 1978 vita vya Kagera vinaanza, ndege zetu tatu zilitunguliwa Musoma na watu wetu wenyewe wakidhani ni za Amin. Mwaka uliofuata Libya, waliokuwa upande wa Amin, wakaleta ndege ya mabomu ya Tu-22 ije kupiga Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Wazee wa Capripoint ukiwapa shikamoo na kahawa watakupa hiyo stori mpaka jua lizame.

Sasa tuje kwenye stelthi yao. Nikalipa elfu 12. Ndege ikaja nyeusi tii, inapendeza kweli. Nikamwambia mshkaji akae kwenye F-16 ile simuleta ya pili anitafute kwa rada. Kanipata maili 30 na kitu. Nikarudi MiG ya kawaida ya kijivu, akanitafuta tena, maili zile zile. Nikamuita dogo, nikamuuliza hii stelthi iko wapi, akacheka akasema "braza, kusema ukweli ni rangi tu, bosi ndo kaandika bango." Angalau mkweli.

Siyo kwamba rangi ya kunyonya rada haipo, ipo, F-16 za Marekani zimepakwa, mpango wao unaitwa Have Glass, inapunguza mwangwi, yaani mawimbi ya rada yanayogonga ndege na kurudi. Lakini rada ina hesabu mbaya. Tuseme inakuona km 100, ukipunguza mwangwi wako nusu bado inakuona km 84. Ukitaka ikuone km 50 tu inabidi upunguze mara 16. Kwa rangi utafika wapi wakati MiG ina mdomo mkubwa wazi mbele, nyuma ya huo mdomo mapanga ya injini yanazunguka, na chini ya mabawa umening'iniza makombora na tanki? Stelthi inaanzia kwenye umbo, siku ile wanachora. Boeing wenyewe 2009 walileta F-15 Silent Eagle, F-15 ya kawaida iliyojaribiwa kufanywa stelthi, makombora wakayaficha ndani, mikia wakataka kuilaza, hakuna nchi iliyonunua, Korea Kusini waliiangalia wakaishia kuchukua F-35, iliyochorwa stelthi tangu mwanzo. Boeing ameshindwa kuiuza, wewe wa Nyegezi na kopo la rangi nyeusi unaniuzia kwa elfu 12!

Nilidai tofauti ya elfu 6, bosi kwa simu akasema hela hairudishwi ila nikija tena nitapewa dakika 20 bure. Nimezikubali kwa sababu sina jinsi.

Mengine madogo. Feni ni moja na mashine zinatoa joto, beba maji. Umeme ulikatika mara moja, jenereta ikawaka ila ndege uliyokuwa nayo angani imekwenda, unaanza upya na dakika zako hawakuongezei mpaka useme. Pedali ya kushoto ya simuleta ya dirishani imelegea, kaa ile ya ukutani.

Mkienda nendeni siku ya kazi mchana, anzeni na MiG ya elfu 6 mteseke kwanza, ndo muingie F-16. Mimi dakika zangu 20 naziendea Alhamisi, dogo kaahidi kunipakilia F-5 kama za majirani zetu Kenya, na bango nitalipiga picha nione kama bado lipo.