Brusela: kuchemsha maziwa au kuchanja mitamba?

Mfugaji wa Magu au Misungwi, mkoani Mwanza, anayehofia brusela, ugonjwa wa bakteria wa ng'ombe unaoambukiza na watu, husikia ushauri wa aina mbili.

Kuchemsha maziwa ni rahisi: sufuria, kuni, yatokote, basi. Bakteria hufa na mtoto anakunywa salama jioni hiyohiyo. Mtindi wa maziwa mabichi usiutegemee. Kuganda peke yake hakutoshi. Lakini sufuria haimlindi baba anayemzalisha ng'ombe usiku kwa mikono mitupu, akashika kondo la nyuma. Hapo ndipo wengi wetu tunajisahau. Homa ikija na kuondoka, viungo vikiuma, tunadhani ni malaria, kumbe ni brusela, na tiba yake ni antibiotiki mbili kwa wiki 6 hivi.

Chanjo ya brusela iitwayo S19 hupewa mitamba ya miezi 3 hadi 8. Hupunguza kutupa mimba, hivyo vijidudu vinapungua zizini kwenyewe. Haimponyi ng'ombe aliyekwisha kuambukizwa, na kwa kuwa ina bakteria hai, aichome mtaalamu wa mifugo, si jirani.

Mimi ningeanza na sufuria leo, kisha tuchangishane na wenzangu tunaonywesha pamoja ziwani, tuchanje mitamba yote. Glavu ningenunua kabla ng'ombe hajazaa.