TAHADHARI: "Duka la dropshipingi lililo tayari" linalouzwa kwenye magrupu ya Unguja na Pemba, msitie pesa zenu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nakuombeni msome hii mpaka mwisho na mumpelekee na mtu wenu alieko Pemba, maana huko ndo wanakopiga sana sasa hivi. Kuna watu wanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, yale ya kuuza nguo, ya ajira, mpaka ya wazazi wa skuli, wanauza kitu wanachokiita duka la dropshipingi lililo tayari. Unalipa laki tatu na nusu, unafunguliwa duka la mtandaoni lishajazwa bidhaa, unaambiwa wateja wa Marekani na Ulaya watanunua wenyewe, wewe kazi yako kutizama simu tu. Mtoto wa ami yangu yuko Wete, keshaliwa. Jirani yangu hapa Jang'ombe kaliwa vile vile, na njia ni ile ile moja, mpaka zile voisi walizotumiwa ni hizo hizo.

Jina silitaji, suala lishafikishwa polisi na majina yenyewe wanayabadilisha kama nguo. Ninachotaka mkijue ni njia yao, ukishaijua basi hata wakija kwa jina jengine na nembo nyengine utawajua tu.

Kwanza tuelewane, dropshipingi yenyewe ni biashara ipo, watu wanaifanya duniani, na ndo maana wanapata pa kushikia. Unafungua duka mtandaoni, huna mzigo wala huna stoo. Mteja ananunua kwako saa ya dola 30, wewe unaiagiza kwa msambazaji kwa dola 12, msambazaji anampelekea mteja moja kwa moja, ukitoa gharama za matangazo na ada kinachobaki ndo chako. Sasa shikeni mpangilio huu kichwani: pesa ya mteja inaingia KWANZA, inaingia kwenye akaunti YAKO, halafu ndo wewe unamlipa msambazaji. Hawa wezi walichofanya ni kuugeuza mpangilio huo tu. Kwao unalipa wewe kwanza, na pesa ya mteja unaiona kwenye skrini yao, hujapata kuishika.

Huyu mtoto wa ami anashona na kuuza mabuibui, mtu wa kazi zake. Zamu yake ya mchezo wa kuchangiana pesa ilikuwa ishafika, ana pesa mkononi, akawa anatafuta kitu cha kuongezea. Akaingizwa kwenye grupu na mtu anaemjua kabisa, ambae na yeye aliambiwa akileta watu atapata kamisheni. Mle ndani kuna mtu anajiita Kochi. Kila asubuhi salamu, aya, dua, halafu skrinshoti za watu walioingiza pesa. Ukimuuliza anakujibu kwa voisi, sauti ya upole, "dada yangu usiwe na khofu, hii ni biashara ya halali, haina riba ndani yake."

Akalipa ile laki tatu na nusu. Siku ya pili tu oda ikaingia, mikoba miwili, mteja yuko Texas. Duka likamwambia bei ya jumla ya mikoba ni sawa na shilingi 38,000, alipe ndani ya saa 24 ili mzigo utoke, akichelewa atakatwa pointi. Akalipa kwa simu. Baada ya siku tatu zikarudi 47,000 kwenye simu yake, pesa kweli, akatoa kwa wakala. Hapo ndo pabaya zaidi kuliko kote, kwa sababu mtu akishashika pesa mkononi hata umwambie nini hakusikilizi, na wao wanalijua hilo, ile elfu tisa ya faida ni chambo tu na pesa yenyewe wanakupa kutoka kwenye ile ile laki tatu na nusu yako!

Zikaja oda nyengine. 120,000 akalipa. 260,000 akalipa. Safari hii hazikurudi kwenye simu, zinaonekana kwenye duka kama salio, anaambiwa mzunguko wa malipo ni wa mwisho wa mwezi. Halafu ikaja oda kubwa ya blenda, laki tisa, akauza cherehani moja na kukopa kwa mamaake. Salio likasoma dola 1,140. Alipotaka kutoa akaambiwa akaunti imezuiwa mpaka alipe kodi asilimia 15, na kodi hiyo ilipwe mbele, haiwezi kukatwa kwenye salio. Kwa nini isikatwe kwenye salio? Hilo suali wameulizwa na hawajalijibu mpaka leo.

Alipokuja Unguja nikakaa nae nikaikagua ile simu yake moja kwa moja. Nakuelezeni nilichokiona maana kila mmoja wenu anaweza kukiona.

Ile linki ya duka nikaifungua kwenye simu yangu mimi, bila ya jina lake wala paswedi yake. Haifunguki. Inataka uingie kwanza kama muuzaji. Yaani duka zima hakuna mtu wa nje anaeweza kuliona, sasa huyo mteja wa Texas kaliona wapi mpaka akanunua mikoba? Duka la kweli, liwe la Shopify (ile huduma ya kufungulia maduka ya mtandaoni), liwe la nini, ukimpa linki bibi yako Makunduchi ana bando basi analifungua, anaona bidhaa na bei. Hichi kipimo peke yake kinatosha, wala hakitaki ujuzi wowote.

Halafu nikasoma meseji za hao "wateja". Wateja watatu, majina matatu, miji mitatu, wote wameandika sentensi moja yenye kosa lile lile la tahajia. Anuani za kupelekea mzigo zina jina la mtaa halafu hazina nambari ya nyumba. Picha ya ule mkoba nikaipitisha Google Lens, ikanitolea duka jengine kabisa la watu wengine wanaouza mkoba huo, wao wameiba picha tu. Websaiti yenyewe wanasema ipo toka 2016, nikaitafuta kwenye huduma ya WHOIS, ambayo ni bure na mtu yeyote anaitumia, inakuonyesha anuani ya websaiti imesajiliwa lini. Ilikuwa haijafikia hata miezi miwili.

Na miamala. Kila alipotuma pesa jina lililotokea kabla ya kuthibitisha lilikuwa jengine, mara la mwanamke, mara la mwanamme, hakuna hata mara moja limetokea jina la kampuni. Akiuliza anaambiwa huyo ndo mhasibu wetu wa wiki hii. Ndugu zangu lile jina linalotokea kabla hujatia nambari ya siri limewekwa kwa ajili yenu, lisomeni. Kampuni inayopokea kwa majina ya watu binafsi tofauti tofauti si kampuni. Jirani yangu wa Jang'ombe yeye walimtaka atume kwa USDT, sarafu ya mtandaoni, na hiyo ni mbaya zaidi, ikishatoka imetoka, hakuna wa kumpigia simu akairudisha, na Benki Kuu ya Tanzania toka 2019 ilishatoa tangazo kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa kwetu.

Na hiyo kodi sasa. Kwetu Zanzibar kodi ya mapato inakusanywa na TRA, VAT ya ndani ni ZRA. Hakuna kati yao anaekwambia umtumie Kochi kwenye nambari yake ya simu ili akulipie. Malipo ya serikali yanakuja na kontrol namba. Mtu akikutajia kodi ya kutolea pesa zako mwenyewe ujue hapo hakuna pesa, kuna mtu anataka kukukamua mara ya mwisho.

Kitu chengine ambacho kinanikera ni hiyo kozi yao, PDF moja inayouzwa 50,000 peke yake. Nimeisoma. Inafundisha watu waunganishe duka na Oberlo, programu ya kuunganisha duka na wasambazaji, na Oberlo ilifungwa Juni 2022! Inasema mzigo wa chini ya dola 800 unaingia Marekani bila ya ushuru, na msamaha huo kwa bidhaa za China uliondoshwa Mei 2025, halafu tarehe 29 Agosti 2025 ukaondoshwa kwa nchi zote. Kwa hivo hata yule anaetaka kweli kufanya biashara hii kwa njia ya haki anapewa hesabu zilizokufa, anapanga bei kwa faida ambayo haipo, mteja wake anafika kudaiwa ushuru mlangoni anarudisha mzigo na khasara ni ya mwenye duka.

Na lile jambo kubwa kuliko yote hawaligusi kabisa, pesa inafikaje hapa. PayPal, huduma ya kulipana mtandaoni, kwa mtu wa Tanzania miaka yote imekuwa ya kulipia, si ya kupokea. Stripe, inayopokelea maduka malipo ya kadi, haifungulii biashara za Tanzania. Shopify Payments, njia ya malipo ya Shopify wenyewe, haipo huku. Anaetaka kuuza nje kwa kweli hili ndo suali la mwanzo analokaa nalo, kabla ya nembo, kabla ya jina la duka, kabla ya chochote. Sasa mtu anakufundisha wiki mbili nzima kuuza Marekani na hajakutajia hata mara moja pesa itapita njia gani, huyo hakufundishi, anakusubirisha.

Kuhusu uhalali, wengi wameniuliza. Kuna hadithi inayokataza mtu kuuza asichokuwa nacho na masheikh wana maelezo yao namna biashara hii inavoweza kufanywa ikawa sawa na namna ambayo haiwi sawa. Mimi si mwanachuoni, muulizeni sheikh wenu wa msikitini mnaemjua, mumuangalie usoni. Msichukue fatwa kwa voisi ya mtu ambae hamjui hata anakaa mtaa gani. Inaniuma sana kuona dini inafanywa ngazi ya kupandia kwenye mifuko ya watu masikini.

Mtu akikujia na biashara hii mwambie akuonyeshe usajili wake BPRA, wanaosajili biashara hapa Zanzibar, au BRELA kama anasema yuko Bara, halafu nenda ukahakikishe mwenyewe, usitizame karatasi aliyokutumia kwa sababu karatasi inatengenezwa kwa simu. Mwambie afungue duka mbele yako kwa imeili yako na paswedi yako. Shopify inakupa siku za kujaribu kabla ya kulipia, WooCommerce, programu nyengine ya duka la mtandaoni, unaiweka bure, kwa hivo kama shida ni kufunguliwa duka tu, kijana yeyote anaejua kompyuta hapo mtaani atakukalia mchana mmoja mkamaliza. Na kama unataka kuanza na kitu kidogo chenye uhakika, uza kwanza hapa hapa, chukua picha za bidhaa za mtu wa Darajani unaemjua kwa makubaliano nae, mteja akilipa wewe ukamchukulie mzigo. Mfumo ni ule ule, ila duka la msambazaji unalifikia kwa miguu.

Kwa alieshalipa, acha kulipa saa hii hii, usitume hiyo kodi. Piga simu kwa mtandao wako haraka uwape nambari ya muamala, ukiwahi kabla hawajazitoa kuna uwezekano zikazuiliwa. Zile meseji zao na nambari zao zipeleke 15040, hiyo ni nambari ya kuripoti utapeli na haikati pesa. Nenda kituo cha polisi ukaandikishe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi na huku kwetu, wala usione haya, alieiba ndo wa kuona haya.

Waliotuma picha za ZanID na NIDA na kujipiga picha wameshika kitambulisho, na hawa walimtaka kila mtu afanye hivo, pigeni *106# mkatizame laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Ukiona laini huijui nenda kwa mtandao husika ikafungwe. Paswedi ya imeili mliyowapa badilisheni leo.

La mwisho, kuna wimbi la pili na lishaanza. Ukishaliwa tu anakuja mtu inboksi, "pole dada, na mimi niliibiwa nikarejeshewa zote na ndugu mmoja fundi wa mitandao," anakupa nambari, huyo fundi anataka 80,000 za kuanzia kazi. Ni hao hao. Orodha ya walioliwa wanayo wao, nani mwengine angejua kama umeibiwa? Mtoto wa ami keshaletewa ujumbe huo na nambari mbili tofauti, picha ya profaili moja. Asirejeshe mtu jibu, mfungieni. Na wenye skrinshoti za grupu lile, hasa zile za kabla Kochi hajafuta meseji zake, nakuombeni msizifute, zipelekeni kituoni mlikoandikisha pamoja na nambari za miamala, kila moja na tarehe yake.