Dramu za Sura ya Zamani: Kununua au Kujiundia Nairobi
Anayenunua Ludwig Legacy Mahogany, seti ya dramu ya kampuni ya Ludwig ya Marekani inayotengenezwa leo kwa muundo wa zamani, hupata kuta nyembamba za tabaka tatu, mbao za mkangazi nje na ndani na za popla katikati, zenye pete za kuimarisha kingo. Hata hivyo, naona sehemu kubwa ya bei ni ya kumbukumbu ya Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, akipiga Ludwig kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1964. Na kabla seti haijafika Nairobi, huongezewa nauli na ushuru.

Kwa anayejiundia, mbao hupatikana Gikomba, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambao hukunja mabati kutwa kucha (kelele zao zenyewe ni dramu), wanaweza kujaribu ringi, yaani duara za chuma zinazobana ngozi ya dramu. Ugumu uko kwenye ukingo unaokaliwa na ngozi: usipokuwa sawa pande zote, dramu haitashika sauti hata ukaze skrubu namna gani, ilhali ukingo wa mviringo, kama wa zamani, hutoa sauti nene kuliko uliochongwa kwa pembe ya nyuzi 45. Ngozi za plastiki bado utanunua dukani. Mimi ningeanza na snea moja, ile dramu ndogo yenye nyaya chini, si seti nzima.